Siku ya Yenga Tulifunga Maji

Harufu yenyewe ni ya krema. Ile krema nyeupe watu wa huku wanajipakaa mu miezi ya joto, yenye kunukia nazi na kitu ingine sawa dawa. Nikiisikia tu, mikono inanikaza. Watoto yangu wanajua. Siku ya yenga, siku ya kanisa, jua ikiwaka wanasema, "Mama, twende ku plaji," na mimi ninaenda ku ile muchanga ya kuogea, juu watoto hawana kosa. Lakini ninakaa na viatu mu miguu, kikwembe nimeifunga nguvu, sawa mutu mwenye anangojea kuitwa mbele ya juji. Pembeni yangu watu wamejaa mpaka haupate fasi ya kuweka beseni: matumbo, miamvuli, mbwa, viazi ya kukaanga, redio, watoto wenye kulia juu muchanga iliingia mu macho. Jirani yangu mumoja, mama wa huku, mutu wa roho muzuri, aliniuliza siku moja kama kwetu kuko plaji. Nikamujibu, iko. Akauliza kama watu wanaendaka. Nikacheka, nikasema maji ya huku ni baridi sana, tuwache ile maneno.

Iko, mama. Njo vile nilitaka kumwambia. Kwetu kuko ziwa, na ngambo ya ziwa, upande ya Uganda, kuko plaji yenye ilikuwaka inajaa kupita hii yenu, na mimi pale nilikuwa mugeni sawa vile niko mugeni hapa. Wengine walijifunza pale kuogelea. Mimi nilijifunza pale kuchukia mutu.

Siye wenye tulikomalia Bunia mu miaka ya vita tunajua kama kukimbia haianzake na mbio. Kwetu, mu kartie ya Lumumba, ilianza na mama kumwanga maji juu ya makala, na sombe, mboga ya majani ya mihogo, haijaiva bado. Mama, mwenye hakutupaka hata kipande moja ya makala! Niliangalia ile moshi, nikajua mambo imeharibika. Akasema, "Vaa viatu." Papa alikuwa Mambasa ku kazi ya mbao, barabara ilikuwa imekatika, hatukuwa na habari yake. Nyumbani tulikuwa watatu tu: mama, mimi, na Tate, mama ya mama yangu. Tate alikuwa mufupi, mukavu, na mudomo yake ilikuwaka inatangulia miguu. Siku ile, masasi ya bunduki inalia upande ya Mudzipela, yeye aliuliza kama ile sombe tutaiachia nani.

Tulitembea na watu wengi mpaka fasi barabara inashuka mulima kuelekea Kasenyi. Pale niliona kitu yenye kumetameta chini, kubwa, haina mwisho. Nikamwambia Tate, "Angalia, muji gani ile? Nyumba zote ziko na mabati ya mupya!" Sikuwa nimeona ziwa hata siku moja. Tate akasema, "Ile mabati, ukipanda juu yake utalowana." Alicheka peke yake, na watu wenye walikuwa wanalia njiani walimuangalia vibaya.

Ku Kasenyi, pembeni ya ziwa upande ya kwetu, watu walikuwa wamesimama mu maji mpaka kiuno, wanaita maboti. Mwenye alitukubali ni mutu moja walimuita Papa Furaha, juu mutoto yake ya kwanza ni Furaha. Mutu munene, kofia nyeupe, mucheko ya sauti kubwa. Alikuwa na nyumba ngambo zote mbili na boti ya moteri. Mama alimupatia saa ya papa, na yeye akaanza kutubeba ku mugongo moja moja, juu boti haifike ku nchi kavu. Mugongo yake ilikuwa inanuka petroli na samaki. Akaniweka, akaweka mama, kiisha akabeba Tate, akamukalisha mbele kabisa ya boti. Nilikamata mukono yake. Ilikuwa ya moto, na ngozi yake ilikuwa inateleza juu ya mifupa, vile ninaikumbuka mpaka leo.

Alafu jamaa moja akakuya mbio na viti. Viti ya plastiki, nyeupe, zimepandana moja juu ya ingine, viti ya bar yenye ilikuwa imevunjwa ile asubuhi. Akasema maneno mu sikio ya Papa Furaha. Papa Furaha akaangalia viti, akaangalia boti, akaangalia watu. Macho yake ikapita juu yangu, ikapita juu ya mama, ikasimama juu ya Tate.

"Mama muzee," akasema, na heshima kabisa, "boti imekuwa nzito. Nitakushusha kidogo. Mangaribi hii hii ninarudi kukukamata."

"Kunishusha namna gani?" Tate akauliza. "Mimi niko uzito ya kuku."

Mama akaruka, akasema yeye njo atashuka. Watu wakamukalisha kwa nguvu juu boti ilianza kuyumba, wakamufokea kama atatuzamisha. Na Papa Furaha akabeba Tate ku mugongo pole pole, sawa vile mutu anabeba mama yake. Alikamata hata sapato yake mu mukono juu isilowane! Akamuweka ku muchanga, akamupatia sapato, akasema "aksanti mama". Ningesikia vizuri kama angemutupa. Mutu akikutupa, unajua jina yake. Lakini huyu alifanya ubaya na adabu, na ile adabu njo sijaimeza mpaka leo.

Viti zikaingia fasi ya Tate. Muguu ya kiti moja ilinichoma mu mbavu njia yote. Nyuma niliona Tate amesimama na sapato mu mukono, hajazivaa, anakuwa mudogo, mudogo, mpaka sikumuona tena.

Papa Furaha alitushusha ngambo, upande ya Uganda, na mangaribi ile hakurudi Kasenyi. Alisema moteri imechoka. Kesho yake akasema wanapiga masasi ku Kasenyi. Kesho ingine akasema, "Kesho." Kiisha tukiuliza akawa anageuza kichwa, anaita mutu mwenye hayuko.

Mama akaanza kukaanga samaki na mihogo pembeni ya maji, pamoja na wamama wengine wa kwetu, na mimi nilikuwa ninapeleka sahani kwa wenye kununua. Tulikuwa hatujamaliza juma moja pale, siku ya samedi, yenye kutangulia yenga, ikafika. Asubuhi nilisikia malori. Niliona watu wanashuka, wengi, wengi, wanaume, wanawake, watoto, wanavua nguo mbio mbio, wanaitupa chini, wanakimbia kuingia mu maji na makelele. Roho yangu ilipasuka. Nikamukimbilia mama: "Mama! Na wao wanakimbia! Vita ilitufuata!" Sikungojea jibu. Nikaenda kusimama mbele ya mama moja munene, amevaa nguo ya ndani ya maua, nikapanua mikono: "Musivuke! Ngambo kule njo kubaya! Murudi!" Hakusikia Swahili yangu, alisikia tu kama mutoto analia. Akacheka, akaniinamia, ile harufu ya krema yake ikaniingia mu pua, akanipatia soda. Nilikunywa ile soda ninaangalia maji. Ilinikamata siku nzima kufahamu kama kuko watu wenye kukimbilia maji juu ya furaha tu.

Na walikuwa wamekaa juu ya nini, wakipumzika? Juu ya viti nyeupe. Papa Furaha alikuwa anazikodisha, na kofia yake, na mucheko yake, anapangusa kila kiti na kitambaa mbele mutu akae. Kila nikipeleka samaki fasi ile, nilikuwa ninaangalia kiti na kujiuliza ni ipi ilikalia fasi ya tate yangu.

Lakini nilikuwa bado na matumaini. Upumbavu ya mutoto, muniache niseme. Kila samedi na kila siku ya yenga Papa Furaha alijaza boti yake na watu wa raha, moteri inalia, wanaenda wanaimba, wanapotea nyuma ya matete marefu, kiisha wanarudi. Mimi nilifikiri wanaenda Kasenyi. Nilifikiri huyu mutu, kumbe, ni muzuri, iko anaenda kutafuta Tate na anapeleka watu wa kumusaidia. Nilikuwa ninawacha sahani, ninakimbia fasi boti inafika, ninaangalia kila mutu mwenye kushuka, uso kwa uso. Nilijua hata namna nitamuambia: Tate, sombe tuliiachia jirani. Watu wa raha walifikiri ninaomba, wakanipatia biskwiti.

Siku moja kikundi ya vijana walinunua samaki, wakataka nipande nayo mu boti juu wakule katikati ya maji. Nilipanda na roho inaruka. Tukapita matete. Nyuma ya matete boti ikageuka, ikafanya duara kubwa, vijana wakapiga makelele, na tukaanza kurudi. Basi. Ile tu. Njo kusema siku zote zile, mwanaume huyu alikuwa anazunguka matete!

Nikamuuliza palepale, "Papa Furaha, na Tate?"

Alikuwa anacheka na vijana. Akanirushia maji kidogo ku uso, sawa mutu anachezea mutoto.

"Tate gani?" akasema.

Wasomaji yangu, kama munataka kujua saa gani mutoto anaacha kuwa mutoto, ni ile. Hakusema "atakuya". Hakusema "nisamehe". Hata uongo ya kunituliza hakuikumbuka. Alikuwa amemusahau kweli, tate yangu muzima, sawa unasahau kitambaa mu kanisa. Nilikaa na sinia yangu ku magoti mpaka tukafika, na nilijua kama huyu mutu nitamufanyia kitu. Sikujua bado ni kitu gani.

Maji njo ilinifundisha. Muvuvi moja wa pale alizama. Asubuhi ile ile maboti zote zikavutwa ku muchanga, nyavu zikakunjwa, wamama wakakaa chini pembeni ya ziwa, wakalia matanga. Pale, mutu mwenye alizama akiwa bado mu maji, hakuna mwenye anaingia mu maji: hauoge, hauvue, hata samaki ya jana haukule, juu haujui ile samaki ilikula nini. Malori ya samedi ilifika, watu wakasikia kilio, wakageuza. Viti nyeupe zilibaki tupu mu jua. Papa Furaha alikuwa anatembea mbele na nyuma, kofia mu mukono, ananungunika kama hii maiti itatoka lini. Ilitoka kiisha siku mbili, wakaizika, maji ikafunguliwa. Lakini mimi nilikuwa nimemuona bila mucheko. Nikasema mu roho: kumbe dawa yako ni hii.

Mama alikuwa anakataa kabisa kumulilia Tate. "Mutu hajakufa mpaka umuone," alikuwa anasema, anageuza samaki mu karai. Hakuwa analia, hakuwa anacheka. Basi sikumwambia kitu. Nilingojea siku ya yenga ya sikukuu, yenye plaji inajaa kupita zote, hata hauone muchanga. Nikakamata jivu ya makala, nikajipakaa ku kichwa na ku uso. Nikafunga kitambaa ya mama mu kiuno sawa wenye matanga. Nikaenda kukaa mu maji yenyewe, mbele ya boti ya Papa Furaha, watu yake wamesha kupanda, na nikafungua kinywa.

"Ee Tate eeh! Tate yangu eeh! Maji imekukula eeh! Uliniacha na nani eeh!"

Nilifikiri nitalia mi peke yangu, nimuharibie safari. Lakini kwetu haiko mutu analia matanga na wengine wanakaanga samaki. Wamama wa Bunia wakasikia, wakaangusha karai, wakakuya mbio mikono ku kichwa. Hakuna mwenye aliuliza. Na mama akakuya nyuma yao, na kijiko ya mafuta mu mukono, uso yake sijui niseme namna gani. "Nani alileta habari? Nani alileta habari?" Nililia tu. Akaanguka mu maji na magoti yote mbili, na kilio yenye ilitoka kwake ilikuwa inangojea tangu Kasenyi. Ile haikuwa ya kuiga. Hata mimi nikalia ya kweli.

Mutasema nilikosa kumufanyia mama yangu vile. Semeni. Mimi ningefanya tena kesho asubuhi.

Watu wakatoka mu maji. Kwanza wale wa pembeni, kiisha wote, wanakamata watoto, wanatafuta nguo. Kilio ya wamama haina haja ya kufasiriwa. Wale wenye walikuwa mu boti wakaruka. Na mwenye kusimamia plaji, bwana moja mukali mwenye firimbi ku shingo, akakuya, akapiga firimbi, akauliza na Swahili ya kule nani amekufa.

"Tate yangu," nikasema.

"Alizamia wapi?"

"Muulize Papa Furaha. Yeye njo alimushusha mu boti, akamuacha kule vita iko."

"Alimushusha juu ya nini?"

Nikanyoosha kidole. "Juu ya hii viti."

Watu wenye kusikia Swahili waligeuka. Mama moja mwenye alikuwa amekaa akasimama, akaangalia kiti nyuma yake. Kiisha mume yake akasimama. Kiisha wengine, moja moja, mpaka hakuna mutu alibaki juu ya viti zile zote. Papa Furaha akaanza kucheka, ile mucheko yake kubwa. Ikakatika katikati.

"Ni mutoto tu," akasema. "Muzee alibaki mwenyewe. Nilikuwa nitarudi."

"Ulirudi?" mwenye firimbi akauliza.

"Kule wanapiga masasi, bwana!"

"Na muzee wa watu ulimuacha mu nini? Mu sukari?" Watu wakaguna. Yule bwana akasema kama pale mwenye kubeba mutu mara ya mwisho njo anajibu. "Umulete. Ao ulete maiti yake. Ao udongo ya kaburi yake. Mpaka siku ile, maji imefungwa. Boti haitoke, wavu hautoke, mutu haoge." Wavuvi wote walikuwa wamesimama pale, wanaangalia Papa Furaha, na haikuwa macho ya kuchezea.

Papa Furaha alienda kesho yake asubuhi. Siye tulikaa ku muchanga, na njaa ya kijiji nzima ikakaa juu yetu. Wavuvi walipita bila kutusalimia. Mama alinyoa nywele. Nilijua kama asiporudi, watatufukuza, na mama hatanisamehe, na Tate hatakuwa na mutu mwingine wa kumutafuta. Kwa hiyo niliomba. Nakumbuka maombi yangu vizuri, sikuiombaka tena: "Mungu, umulinde Papa Furaha mpaka amulete. Kiisha, fanya yenye unapenda." Wanasema Mungu hakulake bugali, haumupate na zawadi. Mimi sikumupatia zawadi. Nilimupatia mutu.

Boti ilionekana siku yenye kufuata, mchana, polepole. Wote tulisimama. Papa Furaha akazima moteri, akaruka mu maji, akageuza mugongo, na juu ya ile mugongo akapanda kitu ndogo, kavu, na kitambaa nyekundu ku kichwa. Kitu ile ikamupiga kofi juu ya kofia.

"Pole pole, weye! Mimi hapana mufuko ya mihogo!"

Mama alipiga kelele yenye sitaisikia tena. Tate alikuwa muzima! Alikuwa amekaa ile miezi yote kwa wamama wenye kuchoma samaki ku moshi, masasi ikilia anaingia nao mu shimo ya moshi, ikinyamaza anatoka, anageuza samaki. Macho yake ilikuwa nyekundu, mikono imeungua. Nilimukimbilia. Akanyoosha mukono.

"Simama pale! Nani alinililia?"

Papa Furaha alikuwa amemuelezea yote mu boti. Nikasema ni mimi. Mama akasema ni sisi wote.

"Aha." Akaangalia jivu ku kichwa yangu, akaangalia kichwa ya mama yenye kunyolewa. Akasema kwa sauti ya kanisani, watu wote wasikie: "Basi mimi nilikufa. Na kwetu, mutu mwenye alisha kuliliwa matanga, akirudi, haingie mu nyumba ya wenye walimulilia. Ni mwiko. Amezaliwa mupya. Yule mwenye alimutoa mu maji njo muzazi yake, njo atamulea." Akageuka pole pole. "Papa Furaha, mutoto yako iko na njaa."

Watu wakapiga mikono. Wakaimba. Yule bwana wa firimbi akasema hiyo ni desturi muzuri sana, akafungua maji palepale. Wengine wakamupongeza Papa Furaha, wakamushika mabega, wakasema ni mutu wa ajabu, alivuka masasi juu ya muzee! Na yeye, kofia imepinda, akaanza kucheka tena. Mimi roho iliniuma mpaka nikaenda kujificha nyuma ya maboti. Kisasi yangu yote imegeuka sherehe yake!

Mangaribi nikauliza mama hiyo desturi inatoka wapi. Mama akageuza samaki. "Sijaisikiaka," akasema. Mpaka leo nimeuliza wazee wa kwetu wengi, wa pande zote, hata huku ugenini. Hakuna mwenye kuijua.

Tate akahamia kwa Papa Furaha. Alipewa kitanda ya Furaha mwenyewe. Alitaka chai yake mbele jua itoke, na maji ya moto ya miguu, na alitaka Papa Furaha mwenyewe alete, juu muzazi hatume mutu kwa mutoto yake. Kila samedi na kila siku ya yenga, plaji ikijaa, alitaka abebwe ku mugongo mpaka fasi boti inapakia, akalishwe juu ya kiti nyeupe. Pale alikuwa anasalimia kila mutu mwenye kupanda, mikono mbili, na heshima: "Karibu mutoto yangu. Huyu ni baba yangu. Aliniacha ku vita juu ya hii kiti yenye nimekalia. Safari njema." Kwa wenye hawasikie Swahili alikuwa anaonyesha na mikono: boti, mimi, kiti, pum pum. Watu walicheka kwanza. Kiisha walikuwa wanaangalia kiti, wanaangalia Papa Furaha, na wengi walikumbuka kama hawajui kuogelea.

Sikumuona Papa Furaha akicheka tena. Alikonda. Mama Furaha, bibi yake, alikuwa anapita mbele yetu bila kuinua macho. Na mimi kila siku ya yenga nilikuwa ninapeleka sahani yangu fasi ile pole pole, juu nisikose kitu.

Siku moja ya lundi, yenye kufuata yenga, plaji iko tupu, Papa Furaha akakuya mpaka kwa karai yetu. Akatoa kofia. Sikujua kama alikuwa na upara. Hakuenda kwa mama. Alichuchumaa mbele yangu.

"Mutoto," akasema, "uende uambie tate yako arudi kwenu. Ninamuomba. Alisha kunisamehe, watu wote walisikia. Sasa anihurumie. Mi nimechoka."

Nikaenda. Nilimukuta Tate amekaa, miguu mu beseni ya maji ya moto, macho imefungwa.

"Tate, Papa Furaha anauliza utamaliza lini. Anasema ulimusamehe, sasa umuhurumie."

Akafungua jicho moja. "Nilimusamehe? Nani alikuambia?" Akatoa muguu moja mu maji, akaiangalia, akairudisha. "Kule mu shimo ya moshi, mama moja alifia juu yangu. Nililala naye mpaka asubuhi. Huyu, wakati ile, alikuwa anapangusa viti." Akasugua kisigino. "Mimi niko ninamukula pole pole, mutoto yangu. Sina meno mingi."

Nikarudi. Papa Furaha alikuwa bado amechuchumaa pale nilimuacha, kofia ku magoti. Akasimama mbio aliponiona.

"Amesema nini?"

"Amesema kesho anataka samaki ya kuchemsha," nikamujibu. "Ya mukubwa. Na kichwa yake isikose."

Alibaki ananiangalia, sawa mutu anangojea neno ingine. Akavaa kofia yake, akaenda kutafuta samaki.